Mahakama ya Viti vya Plastiki: Kisa cha Tamthilia ya Kihindi Mtaani Delhi

Upande wa mashariki wa mto Yamuna, Delhi imejaa majengo ya vyama vya ushirika vya makazi: geti moja, mlinzi, bustani ndogo katikati, na ukumbi ambao leo una harusi, kesho mkutano wa ada ya maji, keshokutwa ibada. Kisa ninachokichambua kilitokea kwenye ukumbi wa aina hiyo, majira ya baridi, pale kikundi cha wakazi kilipoigiza kwa Kihindi tamthilia ya Khamosh! Adalat Jaari Hai, yaani Kimya! Mahakama Inaendelea, mbele ya majirani zao. Mtaa na watu wake siwataji. Mimi nilikuwa mwanafunzi kutoka Tanzania, mpangaji kwenye jengo hilo, na kazi niliyopewa ilikuwa ya mlango. Nitaueleza mlango huo, maana ulibeba mzigo mkubwa.

Kuigiza mahakama mbele ya watu wa mtaa wako ni kazi tofauti na kuiigiza kwenye kumbi za Mandi House, katikati ya jiji, ambako mtazamaji hununua tiketi na baadaye hupotelea kwenye treni za metro. Wa mtaani utakutana naye asubuhi kwenye foleni ya maziwa. Anamjua mume wako, anajua umechelewa kulipa ada ya ulinzi. Tamthilia hii nayo inahusu watu wanaojuana, na jinsi kujuana kunavyogeuzwa kuwa ushahidi. Ndiyo maana naona kila uamuzi wa kikundi ulibeba swali moja: jirani aliyeketi pale mbele aachwe atazame tu, au aingizwe ndani ya mahakama? Walipolijibu kwa ujasiri, kazi ilisimama. Walipoogopa, ilipwaya.

Asili ya tamthilia ni Kimarathi, lugha ya jimbo la Maharashtra. Vijay Tendulkar aliiandika mwaka 1963, ikapanda jukwaani Mumbai mwaka 1967 ikiongozwa na Arvind Deshpande, na mshtakiwa akachezwa na Sulabha Deshpande. Wazo lilimjia Tendulkar baada ya kusikia mazungumzo ya kikundi cha ridhaa kilichokuwa kikienda Vile Parle, kitongoji cha Mumbai, kuigiza kesi ya kubuni. Hadithi yenyewe ni hiyo hiyo. Watu wa mjini wanafika kijijini kuigiza kesi ya Lyndon Johnson, rais wa Marekani, anayeshtakiwa kwa silaha za nyuklia. Wamewahi mno. Samant, kijana mwenyeji anayetakiwa kuziba pengo la mwigizaji aliyeshindwa kuja, hajawahi kuona mahakama, basi wanaamua kumfundisha kwa kesi ya mzaha. Mshtakiwa anateuliwa palepale: Leela Benare, mwalimu, hajaolewa, mchangamfu, hodari wa utani. Shtaka ni kuua kichanga. Kidogo kidogo ushahidi wa kubuni unaanza kufanana na maisha yake. Kweli ana mimba, na aliyempa mimba ni Profesa Damle, mwenzao mwenye familia yake, ambaye siku hiyo hakutokea. Mwishoni "hakimu" anahukumu kwamba mwanamke ataishi, lakini kilichomo tumboni kiangamizwe.

Kwa kikundi chenye mfuko mtupu, igizo hili lina neema yake. Waigizaji wanane wanatosha. Mahali pake ni ukumbi mtupu wa jamii, kwa hiyo ukumbi wetu ulijiigiza wenyewe, na saa yake ya ukutani na picha zake za viongozi. Haki za kazi nazo ziliangaliwa. Tendulkar alifariki mwaka 2008, na India hulinda kazi ya mwandishi kwa miaka 60 baada ya kifo chake, hivyo tamthilia ina wenyewe mpaka leo. Hata hivyo sheria ya hakimiliki ya mwaka 1957 inakiruhusu kikundi cha ridhaa kuigiza mbele ya watazamaji wasiolipa. Mweka hazina alitaka kiingilio kidogo cha kufidia taa na vipaza sauti. Mkazi mmoja ambaye ni wakili akamweleza kwamba hata rupia kumi zingewatoa nje ya ruhusa hiyo. Wakachangishana.

Kikwazo kikubwa kilikuwa nani acheze Benare.

Watu wa India ya Kaskazini wanajua vizuri jinsi nafasi ya jukwaani inavyomganda mtu. Kwenye Ramlila, maigizo ya kila mwaka ya maisha ya mungu Rama, watoto wanaocheza Rama na Sita huguswa miguu na wazee, na anayecheza Ravana, adui wa Rama, anaweza kuitwa Ravana sokoni mwaka mzima. Sasa msichana ambaye hajaolewa acheze mwanamke mwenye mimba nje ya ndoa, mbele ya watu ambao mwakani watapeleleza tabia yake kwa niaba ya familia ya mchumba? Mama za mabinti wawili walikataa, nami siwalaumu. Hatimaye alijitokeza mhasibu mmoja aliyevuka miaka 40, mama wa watoto wawili, ambaye jengo zima lilimwita bhabhi, shemeji. Mwongozaji, mstaafu wa benki tuliyemwita chacha-ji, baba mdogo, alisitasita, kwa kuwa Benare ni mwanamke wa thelathini na kitu, na upweke wake wa kutoolewa ndio silaha wanayompigia.

Mimi niliona uteuzi huo umeokoa igizo. Benare wa kijana angehukumiwa na ukumbi kabla wakili hajafungua mdomo. Bhabhi alipoingia jukwaani watoto walimpungia mkono. Walimpenda tayari. Kila tusi alilotupiwa baadaye lilimwangukia mtu ambaye nusu ya ukumbi ilikuwa imewahi kumwazima sufuria, na hawakuwa na namna ya kujifanya ni mwanamke wa mbali.

Mazoezi yalianza vibaya kwa sababu kila mtu alitaka mahakama ya sinema. Kijana mmoja alileta nyundo ya mbao, mwingine akaleta Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, iliyofungwa kitambaa chekundu. Aliyecheza Sukhatme, wakili, alizunguka jukwaa huku akipaza sauti na kumwita hakimu bwana mkubwa kila baada ya sentensi. Mahakimu wa India hawagongi nyundo, na chini ya sheria ya viapo ya mwaka 1969 shahidi huapa kwa jina la Mungu au hutoa tamko la dhati, bila kuwekewa kitabu kitakatifu mkononi. Kosa la kisheria lingesameheka, ila uzito wa vitu vile uliliua igizo. Mahakama ikiwa ya kweli tangu dakika ya kwanza, mtazamaji anajiweka pembeni na kungoja hukumu. Tendulkar anataka aingie kwa kicheko.

Chacha-ji akaondoa vyote. Kizimba kikawa viti viwili vya plastiki vilivyogeuzwa migongo, vile vile vya ukumbi vyenye namba za rangi nyeupe kwa nyuma. Kiapo kikabaki kama kilivyoandikwa, yaani shahidi anaweka mkono juu ya kamusi ya Kiingereza ya Oxford na kuapa kwa sauti nzito. Hapo ukumbi mzima uliangua kicheko. Kisha Kashikar, anayecheza hakimu, akaagiza kiti kimoja zaidi, na Samant akashuka jukwaani kukichukua safu ya mbele, ambako katibu wa kamati ya wakazi alikuwa ameketi. Katibu alisimama akicheka, akakitoa kiti chake kwa mikono yake mwenyewe. Kuanzia hapo hakimu aliketi juu ya kiti cha mtaa. Sijaona njia rahisi na kali zaidi ya kusema jambo lile.

Likaja suala la lugha. Mahakama ya Juu ya India huendesha shughuli zake kwa Kiingereza, na Mahakama Kuu nyingi vivyo hivyo. Kihindi cha kisheria anachokijua mtu wa kawaida amekipata kituo cha polisi na kwenye filamu, na kimejaa maneno ya Kiajemi na Kiarabu. Mswahili akikaa hapo anastarehe, maana anasikia vakil, hukm na qanoon bila mkalimani. Wenyeji wengi hawastarehe. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Delhi iliwakemea polisi kwa kuandika taarifa za makosa kwa maneno ambayo mlalamikaji haelewi, na orodha ya maneno 383 ikatajwa. Kikundi kiligawanyika. Wengine walitaka Kihindi safi cha vitabu vya shule, wengine Kihindi cha sinema.

Suluhisho lilitoka kwa mama aliyecheza mke wa Kashikar. Yeye alisema maneno yake yote kwa Kihindi cha jikoni, kile anachozungumza na muuza mboga, na akakataa kubadilika hata alipoitwa kutoa ushahidi. Basi wengine wakamfuata kwa mpango. Wote wakaanza na lugha ya nyumbani, na lugha ya mahakama wakaivaa kwa mzaha, ikiwapwaya. Mzaha ulipozidi kuuma, Sukhatme akazidi kuizoea, mpaka sentensi zake zikateleza kama za wakili kweli. Mke wa Kashikar alibaki palepale. Alipouliza kwa sauti ile ya kununulia bamia inakuwaje mwanamke avuke thelathini bila mume, na kwa nini anacheka na wanaume kwa sauti kubwa namna ile, wanawake wa safu za kati walicheka, maana sauti hiyo wanaijua. Kicheko kilikatika chenyewe. Maneno makali kuliko yote usiku ule hayakuwa na neno hata moja la sheria.

Kuhusu sheria yenyewe, wakili wetu mkazi alikuwa na manung'uniko ya haki. Benare anashtakiwa chini ya kifungu cha 302 cha kanuni ya adhabu ya India, kifungu cha mauaji ambacho sinema zimekifanya kijulikane hata na watoto. Tangu tarehe 1 Julai 2024 kanuni hiyo ya Waingereza imeondolewa. Katika sheria mpya adhabu ya mauaji iko kifungu cha 103, na 302 sasa kinahusu kuumiza hisia za kidini. Alitaka namba ibadilishwe. Chacha-ji alikataa, na ninaamini alikuwa sahihi: ukisema 302 ukumbi unashtuka, ukisema 103 unajiuliza. Msomaji wa Tanzania au Kenya atashangaa kidogo kwa sababu kwetu sheria imetenga kosa la mama kuua mtoto wake mchanga na mauaji ya kawaida. India haikutenga.

Gumu zaidi lilikuwa jina la shtaka. Kwenye mswada wa kikundi liliitwa bhrun hatya, kuua mimba. Mwaka 1967 utoaji mimba ulikuwa jinai India, isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Sheria ya kuuruhusu kwa masharti ilikuja mwaka 1971. Kwa hiyo mtazamaji wa kwanza aliona mahakama ya mzaha inamshtaki mwanamke kwa kuua kisha inaamuru mimba yake iuawe, jambo ambalo sheria ya nchi ilikataza. Unafiki ulikuwa mtupu. Mtazamaji wa Delhi wa leo anayasikia maneno hayo kwa sikio jingine. Miaka mingi ya mabango hospitalini, tangu sheria ya mwaka 1994 iliyokataza kupima jinsia ya mtoto tumboni, imeyafunga na mimba za watoto wa kike. Kwenye zoezi moja la wazi, mama mmoja aliuliza kama igizo linapinga kuua mabinti. Kikundi kiliongeza mstari mmoja wa maelezo kwenye karatasi ya utangulizi, kikaacha maneno kama yalivyo. Mimi ningeondoa hata huo mstari. Wasiwasi wa yule mama ulikuwa mzuri: alikuwa tayari ameanza kuuliza nani anaamua juu ya tumbo la nani.

Kulikuwa na shinikizo moja la kukata. Benare, katika maneno yake ya mwisho, anasimulia kwamba akiwa bado msichana mdogo alimpenda mjomba wake, ndugu wa mama, na akataka waoane. Kusini mwa India, na kwa baadhi ya jamii za Maharashtra, ndoa na upande wa mjomba ina historia. Kaskazini ni mwiko mzito. Kamati ilitaka mjomba awe rafiki wa familia. Bhabhi mwenyewe ndiye aliyekataa. Alisema akimtoa mjomba, anamtoa mtoto aliyedanganywa na mtu mzima wa nyumbani kwao, na anabaki na mwanamke aliyependapenda tu. Mjomba akabaki. Kuhusu Lyndon Johnson walifanya jambo la busara bila ubishi: wakasema "rais wa Marekani" bila jina. Kumtaja mwanasiasa wa leo kungeleta kelele ambayo Benare asingesikika ndani yake.

Sasa mlango. Mwanzoni mwa igizo Benare anabanwa kidole na komeo, jambo dogo, anacheka. Mwisho wa sehemu ya pili anachukua mkoba aondoke, na komeo linagoma. Fremu yetu ilikuwa ya mbao nyembamba, imekandamizwa kwa magunia ya mchanga. Fundi alitengeneza komeo linalojifunga kwa pini, lakini kila tulipolitumia bhabhi aliigiza kuhangaika, na mikono yake ilisema uongo. Chacha-ji akaniweka nyuma ya fremu nilishike kwa mkono. Maelekezo yake yalikuwa mafupi: usimwachie, na usimshinde haraka. Basi akivuta navuta, akipumzika nalegeza kidogo, anapata tumaini, anavuta tena. Usiku wa onyesho alivuta kwa nguvu mpaka magunia yakasogea. Upande wangu wa ubao nilisikia bangili zake zikigonga chuma. Mtoto mmoja mbele alipiga kelele, "Fungueni!"

Vipaza sauti vilipaswa kuzimwa saa nne usiku, hivyo igizo la sehemu tatu lilipaswa kwisha kabla. Chacha-ji aliweka mapumziko mamoja tu, pale shtaka linaposomwa kwa ghafla mwishoni mwa sehemu ya kwanza, akaunganisha ya pili na ya tatu bila kupumua. Sababu ilikuwa muda, faida ikawa kubwa kuliko muda: mlango uligoma, na hakuna aliyepata nafasi ya kwenda kunywa chai akautoa moyoni.

Sehemu ya tatu ndiko tamthilia inakovunja kila kanuni ya haki bila kuficha. Sukhatme ni mwendesha mashtaka na pia wakili wa utetezi. Anahama kiti kimoja kwenda kingine na kuinamisha mabega. Kashikar anashuka kwenye kiti cha hakimu, anatoa ushahidi dhidi ya mshtakiwa, anarudi kukalia kiti. Ushahidi alioutoa Samant katika sehemu ya pili ulitoka kwenye riwaya ya mapenzi aliyokuwa akisoma, na mahakama inaupokea kana kwamba ni kweli. Wakili wetu, aliyeketi safu ya pili, alikuwa akitikisa kichwa kwa hasira ya kitaaluma. Utetezi unaita mashahidi wake. Profesa Damle! Hayupo. Wa pili hayupo. Wa tatu hayupo. Aliyekuwa akiita majina aligeukia mlango wa kweli wa ukumbi, kule nyuma, na watu wote wakageuka kuangalia.

Mshtakiwa anapewa sekunde kumi za kujitetea, na badala yake yanakuja maneno marefu ambayo wenzake wanayapokea wakiwa wameganda. Hapa kikundi kiliogopa. Walihofia majirani hawatavumilia mwanamke akisema peke yake kwa dakika zote zile, wakaweka muziki wa huzuni chini ya sauti yake. Hofu hiyo haikuwa na msingi. Watu waliokulia Ramlila wanaelewa vizuri mhusika anapowageukia wao na wakati ukasimama. Muziki uliwaambia wahurumie, wakahurumia, na mahali pawili wakapiga makofi kama wanavyofanya kwenye sinema, wakifunika maneno juu ya mjomba ambayo bhabhi alikuwa ameyapigania. Huruma ya haraka iliwatoa kizimbani wote waliokuwa wameingizwa tangu kiti cha katibu kilipochukuliwa. Hilo ndilo kosa kubwa la onyesho, na ni la uongozaji. Mwigizaji hakukosea neno.

Igizo lilikwisha saa nne kasoro dakika chache. Kwenye chai, mzee mmoja alianza na swali la hakimu kuwa shahidi, na wakili akapata nafasi aliyokuwa akiisubiri, akaeleza kwa kirefu. Wanaume kadhaa wakabishana kama Benare angeshinda rufaa. Kisha mama mkwe wa bhabhi, ambaye watu walimwogopa kuliko mtu yeyote ukumbini, akauliza kwa nini yule profesa hakuletwa. Mtu akamjibu kwamba katika hadithi hakuja. Akasema hakuulizia hadithi. Wanaume wanane wa kamati wana pikipiki, mbona hakuna aliyetumwa kumfuata? Mazungumzo yakahamia kwa Damle na hayakurudi tena kwenye mwenendo wa Benare. Kwa kipimo changu, hapo ndipo onyesho lilipata kile ambacho muziki ulikuwa umekipoteza.

Jengo la jirani limewaomba waigize huko. Chacha-ji aliponiuliza maoni nilimwambia muziki utolewe wote, mstari wa maelezo kwenye karatasi ufutwe, na jina la Damle liitwe polepole zaidi, ukumbi upewe muda wa kugeuka. Kiti cha hakimu kichukuliwe kwa mwenyekiti wa kule, bila kumwambia mapema. Bhabhi amekubali kucheza tena. Sharti lake ni moja, kwamba mama mkwe wake naye apelekwe, na aketi mbele.